Mtani Haombi Radhi

Hivi nyie vijana, kuna hata mmoja wenu ameshawahi kuitwa kwenye kikao, akakalishwa mbele ya watu wazima wenye miwani, akaambiwa aombe msamaha kwa kosa la kumfariji mfiwa? Hamna? Basi mimi nimeitwa. Hapa hapa Tottenham, juu ya duka la mazulia. Na sikuomba. Na mpaka leo nikikumbuka, kama nina kikombe cha chai mkononi nakiweka chini kwanza, maana naweza kumrushia mtu ambaye hata hayupo.

Mnakuja kwangu mnakula maandazi yangu, mnasema, Bibi, nasomea sheria. Bibi, nataka niingie kwenye siasa, niwe diwani, niwe mbunge. Vizuri, hongereni. Mimi shule niliishia darasa la tatu, Machame, kwa sababu mwalimu alikuwa anapiga na nyumbani walikuwa wanataka mtu wa kukata majani ya ng'ombe. Lakini nimekaa kwenye ofisi ya wakili miaka yote ile ya tisini na huko mbele. Nafagia, napika chai, nafungua mlango. Wakili mwenyewe alikuwa anapita, mimi nipo. Wateja wanapita, mimi nipo. Kwa hiyo kaeni, chukueni maandazi, na wewe mwenye simu iweke mfukoni.

Huyo wakili alikuwa anaitwa Mrutu. Mpare wa Gonja, huko Same. Mrefu, kakonda, koti moja la kahawia kiangazi na baridi. Ofisi yake haikuwa ya matajiri. Ilikuwa ofisi ya sheria ya watu wa kawaida, ile ambayo serikali inachangia kidogo na makanisa yanachangia kidogo, mtu anaingia bila kulipa. Kodi ya nyumba, kufukuzwa kwenye flati, karatasi za ukimbizi, mambo hayo. Angeweza kwenda mjini kwenye ofisi zenye vioo. Hakwenda. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema, "Mama Haika, huko wanagombania kampuni. Hapa wanagombania vitanda vyao." Haika ni binti yangu, yule nesi, ndiye aliyenileta huku nimlelee mtoto wake, Pendo.

Siku ya kwanza naenda kuomba kazi ya usafi, Mrutu ananiuliza, "Mama, kwenu wapi?"

Nikasema, "Machame."

Yule mwanaume akasimama. Akachukua koti lake msumarini, akalivaa. Akachukua kikombe chake, akakifungia kwenye kabati, ufunguo mfukoni. Akamgeukia yule dada wa Kizungu wa mapokezi akamwambia, ficha kalamu zako, amekuja Mchagga.

Nikamuuliza, "Na wewe, mwenye mkono wa birika, kwenu wapi?"

"Same."

"Mpare! Ndiyo maana umekuwa wakili! Kwenu mtu akikosa wa kumshitaki si anajishitaki mwenyewe? Anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku!"

Tukacheka mpaka tukashikilia meza. Yule dada wa Kizungu alikuwa mwekundu kama nyanya, anafikiri anatakiwa aite polisi. Kumbe nimeshapata kazi.

Nyie mliozaliwa huku hamjui utani. Mnafikiri utani ni vichekesho tu. Hapana. Wachagga na Wapare ni watani, tangu mababu. Mtani wako anaweza kukutukana, akachukua kuku wako, akakaa kwenye kiti chako, na wewe hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwa sababu mtani huyo huyo, siku umefiwa, ndiye anaingia kwanza mlangoni. Ndugu zako wanalia, hawana nguvu. Mtani ndiye anakuja kukuvuruga mpaka ukumbuke kuwa uko hai. Hiyo ni kazi. Haina mshahara, ila ni kazi.

Nitafika huko. Kwanza niwafundishe za ofisini, maana mtazihitaji.

Mtu wa kesi akiingia, usimuulize shida yake nini. Mpe chai. Sukari aweke mwenyewe, asikie mkono wake unafanya kitu. Kiti chake kitazame mlango. Watu waliokimbia vita hawapendi mlango uwe mgongoni. Hilo Mrutu alilijua kwa kuharibu, mwanzoni viti vyake vyote vilikuwa vinatazama ukuta, watu wanajibu ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, jasho linawatoka. Siku moja nikavigeuza kwa sababu nafagia, nikasahau kuvirudisha. Mzee mmoja wa Bukavu akaongea mpaka adhuhuri. Mrutu akasema viache hivyo hivyo. Na mtu akianza kulia, usianze kufuta meza. Ukifuta meza anajua unataka aondoke.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa hii, na hii msikilize vizuri: mtoto hatafsiri. Kabisa. Alikuja mama mmoja Mkongo, kamshika mkono binti yake wa miaka tisa, mtoto anajua Kiingereza, mama hajui. Mama akaanza kusema mambo yaliyompata njiani. Mrutu akamkatisha. Hata sentensi haijaisha. Akamwambia mtoto, "Nenda kwa Bibi pale ukamsaidie kumenya viazi." Yule mama akakasirika, akasema nimetoka mbali, nina mkalimani wangu hapa, wewe unamfukuza! Mrutu akamwambia, "Mama, maneno hayo ukiyapitisha kwenye mdomo wa mtoto, kesi utashinda, mtoto utampoteza." Akatafuta mtu mzima, wakasubiri wiki nzima. Na mimi nikala viazi vibaya vimemenywa na mtoto, nusu ya kiazi imeenda na ganda.

Alikuwa anasema hivi: shahidi wa kumuuliza ni yule anayejua, siyo yule aliye karibu. Basi hayo maneno yashikeni, maana ndiyo yaliyomgeukia.

Sasa hivi nasikia ofisi kama ile hamna. Unapiga simu, mashine inakwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Mtu anafukuzwa kwenye nyumba, anabonyeza nne! Hivi mashine inajua kumpa mtu chai? Walikata ile hela ya serikali, wakakata tena, mpaka Mrutu akabaki na mimi na yule dada wa mapokezi. Ndipo akasema, mimi nimechoka kuwatetea watu mmoja mmoja mlangoni wakati sheria ya kuwafukuza inatungwa kule ndani. Nitaingia kule ndani.

Na jambo lenyewe lilikuwa hili. Kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, ilikuwa inataka kubomoa yale maghorofa yetu. Yale manne, ya matofali ya kijivu, lifti inanuka, ndiyo, lakini ni kwetu. Wazee wamekaa pale tangu ujana, Wazungu, Wajamaika, Waturuki, sisi. Wajenge mengine mapya mazuri, halafu sisi tupelekwe huko mbali ambako hata basi halijui. Mrutu mwenyewe alikuwa anakaa pale, ghorofa ya saba. Akasema nitagombea udiwani kupitia chama, nikiingia kaunsili nitasimama katikati ya hilo jambo kama mfupa kwenye koo. Na chama ndicho kilichokuwa kinashika kata ile miaka yote, ukipitishwa na chama umeshapita. Watu wakafurahi! Akina mama wa kanisani wakaanza kumwita mheshimiwa kabla hata hajateuliwa.

Kwenye kamati ya chama pale kwetu kulikuwa na bwana mmoja, Graham. Katibu. Tai ya buluu, anatabasamu na meno ya juu tu. Huyu alikuwa na mtu wake anayemtaka, kijana ambaye maghorofa yetu alikuwa anayaona akiwa kwenye gari. Lakini watu wanamtaka Mrutu, Graham atasema nini? Akawa anatabasamu, anangoja.

Basi mama yake Mrutu akafariki. Kule Gonja.

Simu imekuja, Mrutu ana kesi mahakamani kesho yake, familia anayoitetea ina watoto wanne, asipotokea wanatolewa nje. Akaenda kwenye kesi. Kesi akashinda. Mama yake akazikwa bila yeye.

Nyie, yule mtu alikauka. Hakulia. Anakuja ofisini, anafungua madirisha, anaandika. Chai nampa, inapoa. Nikimwambia pole, anasema asante Mama Haika, kama ananishukuru kwa kumpa kalamu. Nikamwambia Haika, huyu tusipomfanyia msiba atakufa amesimama. Tukaomba ukumbi wa kanisa, Jumamosi, tukapika, Wakongo wakaleta samaki na sombe, yale majani yao ya muhogo, Wakenya wakaleta chapati. Watu wakajaa. Na Graham akaja, na maua, kwa niaba ya chama. Akakaa nyuma kabisa. Pembeni yake nani? Pendo wangu. Miaka kumi na miwili.

Mchagga wa kumzidi umri Mrutu ukumbini pale nilikuwa peke yangu. Kwa hiyo kazi ni yangu.

Nikatoka nje. Nikajifunga kanga mbili, nikachukua fimbo ya mzee mmoja, nikainama. Nikaingia natembea kama bibi kikongwe. Nikapita katikati ya watu, nikaenda mpaka mbele, nikamsukuma Mrutu atoke kwenye kiti chake, nikakaa mimi.

Nikasema, "Nani amekaa kwenye kiti changu? Mimi ndiye mama Mrutu! Nimerudi! Nimekufa na njaa!"

Wakongo wananitazama midomo wazi. Wakenya wanashikana mikono.

"Mwanangu yuko Ulaya, wakili! Nikamwambia mwanangu nina njaa, akanitumia picha ya samaki! Akasema mama, itundike darini, kula ugali ukiitazama. Na usiitazame mara mbili, huo utakuwa ulafi!"

Mrutu kainamisha kichwa.

"Shamba langu la tangawizi kaliuza! Kaendeshea kesi ya kuku! Na kesi akashindwa! Na kuku akafa! Wewe Mpare, mimi nimekufa, umeshindwa hata kuja kunizika, kwa nini? Unaogopa nitakudai nauli?"

Hapo ndipo. Hilo la kutokuja kuzika, hakuna mtu mwingine duniani angeweza kulisema. Ndugu hawezi, rafiki hawezi, mchungaji hawezi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mimi nikafikiri, Mungu wangu, nimezidisha? Akainua uso. Anacheka! Anacheka machozi yanatiririka, akasema, "Mchagga mwizi wewe, toka kwenye kiti cha mama yangu, umeshaiba mito!" Halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia. Akalia kama mtoto, na kichwa kaweka hapa begani kwangu, kanga yote imeloa. Baadaye akala. Sahani mbili.

Nikarudi nyumbani nimefurahi kama nimeozesha binti.

Kumbe kule nyuma Graham alikuwa amemwinamia Pendo. "Anasema nini yule mama?" Na mtoto katafsiri. Sawasawa kabisa, neno kwa neno, mtoto ana akili. Anasema amemwacha mama yake afe njaa. Anasema ameuza shamba la mama yake. Anasema hakwenda kumzika. Mtoto atajuaje utani? Nani amemfundisha? Mimi namlaumu mtoto? Simlaumu hata chembe. Namlaumu mwanaume mzima, kakaa kwenye ukumbi umejaa watu wazima wanaojua Kiingereza, anainama kumuuliza mtoto!

Wiki haikuisha, Mrutu akapigiwa simu. Kuna malalamiko. Mtu wa jamii yake mwenyewe, mama mzee, kamshutumu hadharani kwa kumtelekeza mzazi na kumdhulumu ardhi. Chama hakiwezi kumsimamisha mtu wa namna hiyo mpaka jambo lichunguzwe. "Mtu wa jamii yake mwenyewe", hapo ni mimi! Wamenifanya shahidi bila kunijulisha, nikiwa napiga deki!

Basi ndiyo tukaenda juu ya duka la mazulia. Meza ndefu, watu wa chama watano, Graham pembeni anaandika. Katikati mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, mpole, ndiye mwenyekiti. Huyo simsemi vibaya, alikuwa anataka yaishe. Kiingereza mimi nilikuwa nasikia, kusema ndiyo shida, kwa hiyo wakaniletea mkalimani, kijana Mkenya kavaa tai.

Mwenyekiti akauliza, "Maneno haya uliyasema?"

"Nimeyasema."

"Ni ya kweli?"

"Uongo mtupu. Mama yake kila mwezi alikuwa anakula nyama kuliko mimi."

"Kwa hiyo ulimsingizia."

"Sikumsingizia. Nilikuwa namsaidia kumzika mama yake."

Mkenya akanigeukia, "Mama, hiyo niiweke vipi?"

"Iweke hivyo hivyo."

Nikaeleza utani. Nimeeleza, jamani, nimeeleza mpaka mate yamekauka. Mababu, vita vya zamani, kuku, viti, misiba. Nikiwatazama nyuso zao ni kama naeleza mvua kwa samaki. Mwenyekiti akasema, sawa, tunaheshimu mila. Basi tumalize kirahisi. Wewe mama sema hapa mbele yetu kwamba unasikitika kwa maneno yale, kwamba ulikosea. Graham anaandika, jambo linafungwa, Bwana Mrutu anaendelea na kugombea kwake.

Neno moja tu. Sori. Na maghorofa manne yanangoja hilo neno. Akina mama wa kanisani walikuwa wamesimama kule chini kwenye baridi, mlangoni pa duka, wanaomba.

Mkenya akaninong'oneza, "Mama, sema tu sori twende nyumbani."

Nikamwambia, "Wewe kazi yako ni kupeleka maneno, siyo kuyaleta."

Lakini sori haikunitoka. Nawaambia kweli. Kwa sababu mtani haombi radhi. Siyo kiburi! Sikilizeni. Utani ni maneno yasiyo na mwenye. Ukishasema sori, umesema yale maneno yalikuwa yako, uliyamaanisha. Yanarudi yote, yanakuwa matusi kweli. Basi nitakuwa nimemwambia mtu aliyefiwa, na ukweli wangu wote, umemuua mama yako na njaa, hukumzika kwa sababu ya ubahili. Nami nilijua lile la kutozika lilivyokuwa linamla. Ile kanga iliyonyonya machozi yake, niichukue nimrudishie usoni?

Nikamtazama Mrutu. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Wewe Mpare, hii ni kesi yako. Unataka niseme?"

Watu wake wote wako kule chini kwenye baridi, na yeye anawajua kwa majina. Halafu akasimama, akafunga kifungo cha koti lile la kahawia, kama anavyofanya mahakamani. Nikafikiri atawapa sheria. Akanielekezea kidole.

"Waheshimiwa," akasema kwa Kiingereza kile chake safi, "huyu mwanamke mnayemwona ni Mchagga. Akifa, msimwamini daktari. Dondosheni shilingi karibu na sikio lake. Asipoinuka, hapo ndiyo mumzike. Miaka yote aliyofanya kazi kwangu nimenunua vijiko mara nyingi kuliko karatasi. Mama yangu alipokufa, watu wote walinipa pole. Huyu mwizi peke yake ndiye aliyeniletea mama yangu, kwa fimbo na kanga, nikamuaga. Na nyie mnataka aombe msamaha? Akiomba, mimi nitamshitaki."

Mimi nilicheka! Nilicheka mpaka nikapiga meza yao. Mkenya naye akaanza kucheka, kashika tai. Wale watano hawakucheka. Mwenyekiti alikuwa anatutazama kama watu wanaotazama moto kwa mbali, hawajui kama ni nyumba au ni sherehe.

Wakatoka nje, wakarudi. Wakasema hawamfukuzi, hapana, wanamheshimu sana. Ila wanampumzisha. Kwa utulivu wa chama. Wakampa nafasi yule kijana wa gari.

Wanampumzisha! Mtu hajachoka! Nyie mnaotaka siasa, mkisikia neno hilo jueni mmeshazikwa, hata mtani hakuitwa.

Tukashuka ngazi. Akina mama wakauliza, vipi? Nikasema wamemkata. Nikafikiri watanipiga, maana wote walishajua lile neno moja lilivyotakiwa. Mama mmoja Mkongo, yule yule wa mtoto wa viazi, akamuuliza Mrutu, "Sasa Papa, unafanya nini?"

Mrutu akasema, "Nitagombea mwenyewe. Bila chama. Mpare akinyimwa kesi hulala?"

Na hapo ndipo nilipofanya kazi ya siasa, na kanuni zake ni hizi. Kwenye maghorofa anzeni juu mshuke. Mgombea akianza chini anafika ghorofa ya kumi anahema kama mbwa, mpiga kura anafikiri huyu hamalizi mwaka. Gongeni polepole, halafu rudini nyuma hatua mbili, wawaone vizuri kwenye kitundu cha mlango. Madalali wa mahakama hawarudi nyuma, wanasogea. Mtu akiwaona mmerudi nyuma anajua hamkuja kuchukua televisheni yake. Mkikuta wanakula, msiingie. Wakikukaribisheni mara ya pili, ingieni, kuleni hata kidogo. Na msiahidi lifti. Kila mtu ameahidi lifti.

Mimi nilikuwa natangulia. Nasema, mchagueni huyu Mpare. Bahili, hatakula hela yenu, hata ya kwake hali. Na anapenda kesi kuliko nyama. Mpeni kesi ya maghorofa yenu muone kama atailala. Watu wanacheka mlangoni, hata Wazungu wazee, mimi na Kiingereza changu cha kuchechemea. Pendo alikuwa ananifuata na vipeperushi. Siku moja ghorofani akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwamba yeye ndiye aliyemharibia Wakili. Nikasimama pale pale kwenye ngazi. Nikamwambia, "Wewe hujaharibu chochote. Aliyekuuliza ndiye aliyeharibu. Shika makaratasi twende."

Akashinda. Mrutu akashinda! Yule kijana wa gari alikuja kuhesabiwa kura kavaa ua kifuani, akatoka nalo mkononi. Graham alitupongeza na meno ya juu.

Halafu mle ndani ya kaunsili alikuwa peke yake, hana chama, anakaa kwenye kiti cha pembeni karibu na radiyeta mbovu, kile chuma cha kupasha joto chumba. Kura kila mara anashindwa. Basi akawafanyia Upare. Akawapeleka mahakamani. Wakishinda, anakata rufaa. Wakirekebisha mpango, anaushitaki ule uliorekebishwa. Akaikokota ile kesi mwaka baada ya mwaka, kipindi chake chote na baada ya hapo. Mwishowe walibomoa, ndiyo, siwadanganyi, mmeona wenyewe yale mapya ya vioo. Lakini wale wazee, karibu wote, walishakufa. Kwenye vitanda vyao, ghorofani kwao, wanatazamana na dirisha lao. Kwenye vitabu vya kaunsili wataandika alishindwa. Mimi nawaambia alishinda, na atakayebisha aje hapa!

Alipostaafu akarudi Gonja kulima tangawizi kwenye shamba lile lile ambalo nilisema kaliuza. Akanipigia simu kunitukana kila Krismasi. Halafu Krismasi moja simu haikuja, ikaja nyingine, ya mwanawe. Baba amefariki. Kesho tunazika.

Nauli ya haraka hivyo sina, magoti hayana. Nikasema, na mtani je? Yule mwanawe akasema, Mama, Wachagga wapo hapa wengi, ila baba aliagiza. Alisema asizikwe kabla wewe hujasema.

Pendo alishakuwa mkubwa, kazini kwa mawakili mjini, akaja asubuhi ya mazishi na simu yake nzuri. Akapiga. Kule wakaweka spika, wakaishikilia juu ya kaburi. Nikasikia upepo, na watu wanakohoa.

Nikavuta pumzi. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Mpare! Unalala? Inuka, kesi yako imeitwa! Hakimu yuko kitini, na safari hii hakuna rufaa! Na vijiko vyako ninavyo mimi!"

Halafu nikasikia mlima mzima unacheka, na katikati ya kicheko, vilio vinaanza. Vizuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Simu ikakatwa. Nikakaa. Pendo alikuwa ananitazama, machozi yamemjaa machoni. Akauliza, Bibi, na wewe je? Nani atakutukana wewe?

Mpare wangu ndiyo huyo wanamfukia.

Basi yule mtoto, ambaye tangu azaliwe namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akanishika mikono miwili, akatafuta maneno, akayapata moja moja. "Nitakutafutia Mpare, Bibi. Hata kama ni kumfuata Same. Nitamleta, nitamweka mbele kabisa kwenye kiti chako, akutukane mpaka kanisa zima licheke. Na mtu akiniinamia kuniuliza anasema nini, sitamtafsiria hata neno moja."